Vyama vya walaji vidai hela ya chupa ya plastiki

Ndugu Mhariri,

Kwa Mangi yeyote, yaani mwenye duka la mtaani, hapa Dar es Salaam, ukiagiza soda ya chupa ya kioo utaulizwa kwanza: "Chupa unayo?" Kama huna, utainywa pale pale dukani umesimama, au utaacha hela ya chupa na kurudishiwa ukiileta. Hata mtoto anayetumwa dukani anaujua utaratibu huo. Ndiyo maana ni nadra kuiona chupa ya kioo ya soda imezibisha mfereji. Ikisahaulika barazani, jirani ataibeba, maana ni hela.

Agiza soda ile ile, ya kampuni ile ile, kwenye plastiki. Hapo huulizwi kitu. Ukishainywa, chupa ni mzigo wako na wa manispaa, na mvua ikinyesha ni mzigo wa watu wa Jangwani na wote wanaokaa kando ya Mto Msimbazi. Waokota makopo wanajitahidi, lakini wanauza kwa kilo, na chupa tupu ni nyepesi. Kijana anazunguka mchana kutwa na kiroba kimemzidi kimo, na mwisho wa siku anapata hela ya kula tu.

Siku hizi uchumi rejelezi, yaani kutumia vitu tena na tena badala ya kuvitupa, unazungumzwa kwenye kila warsha. Wanaalikwa wizara, NEMC (baraza la taifa la mazingira), wenye viwanda na wafadhili. Mlaji naye hukumbukwa chini ya kichwa cha habari "elimu kwa umma", kana kwamba tatizo ni ujinga wake. Vyama vinavyosema vinamtetea vimenyamaza. Vinasikika sana panapotokea bidhaa feki, au vyakula vilivyopitwa na muda, na hapo navipongeza. Tuna pia mabaraza ya watumiaji wa nishati na maji, ya mawasiliano, na ya usafiri wa ardhini. Lakini chupa, ambayo karibu kila mtu anainunua kila siku, haina msemaji.

Gharama ya ukimya huo tumeshaionja. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, mimi niliunga mkono na bado naunga mkono. Ila mfuko uliokuwa ukitolewa bure ukageuka bidhaa ya kununua, na mibadala mingine haikuweza kubeba hata kilo mbili za unga bila kuchanika. Baadaye vifungashio laini vya plastiki vikaanza kutumika sokoni kama mifuko. Nani alikuwa na kazi ya kuipima ile mifuko mbadala na kusema hadharani ipi inadumu na ipi ni ya kumwibia mteja? Hiyo ni kazi ya chama cha walaji kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Sasa tuseme kesho hela ya chupa inawekwa kwenye plastiki, jambo ambalo naliomba. Ujerumani walilifanya kisheria mwaka 2003. Leo mnunuzi analipa senti 25 za yuro juu ya bei ya kinywaji, anairudisha chupa kwenye mashine iliyoko dukani, na zaidi ya asilimia tisini ya chupa hizo hurudi. Safi. Lakini hela ya chupa zisizorudi inabaki kwa wafanyabiashara wenyewe. Fedha ya mlaji, jamani! Sisi tukiingia kwenye mpango kama huo bila mwakilishi wa mlaji, kanuni zitaandikwa na watakaofaidika chupa zikipotea. Kuna na mengine ya kubishania: Mangi atalipwa nini kwa kutunza viroba vya chupa kwenye duka la futi kumi kwa kumi? Na je, anayenunua Mbagala ataruhusiwa kurudisha Mwanza?

Lipo pia la usalama. Sisi hatutupi ovyo kila kitu kama tunavyosingiziwa. Asali ya Tabora inafika mjini kwenye chupa za maji za lita moja na nusu, na maziwa, mafuta ya kula na hata mafuta ya taa humo humo. Kurudia kutumia ni jambo jema, ila mnunuzi wa maziwa hana namna ya kujua chupa ile juzi ilibeba nini. Mwongozo mfupi wa Kiswahili, uliotokana na vipimo vya maabara, ungesaidia kuliko mabango kumi ya "Tunza Mazingira".

Atakayesema vyama hivi havina nguvu aangalie Ufaransa. Chama kinachopinga vifaa kufanywa vife mapema kilipeleka malalamiko dhidi ya Apple mwishoni mwa 2017, kuhusu simu zilizopunguzwa kasi bila wenyewe kuambiwa. Februari 2020 kampuni ikalipa faini ya yuro milioni 25. Na jirani zetu Kenya, kwa sheria ya mwaka 2022 na kanuni za 2024, wamembebesha mtengenezaji jukumu la kifungashio hata baada ya bidhaa kutumika.

Machi 15, Siku ya Haki za Mlaji Duniani, huwa na fulana na hotuba. Kabla ya ijayo, naomba chama chochote cha walaji kijibu kupitia gazeti hili: kimewahi kuziandikia kampuni za soda na maji kuuliza kwa nini kioo kina hela ya chupa na plastiki haina? Kama kimeandika, kichapishe majibu. Kama bado, barua hiyo haizidi ukurasa mmoja.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam