Mlima tunaouona kila asubuhi, hatujaupanda

Bwana Mhariri,

Ukurasa wenu wa mapumziko ya milimani nilisomewa kwanza na binti yangu, kisha nikausoma mwenyewe mara mbili. Mmewaelekeza wasomaji Kilimanjaro, mmewaelekeza Karisimbi kwa kupitia Rwanda, mmeeleza habari za viatu na mablanketi. Nyiragongo, mlima wetu ulio juu ya mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, mkaupa sentensi moja tu, kwamba ni volkano ya hatari. Sibishi. Mimi ni mtu wa Kibati, chini ya mlima huo, na usiku wa tarehe 22 Mei 2021 ulipolipuka nilikimbia na godoro kichwani kama wenzangu. Ila kwenye mlima huo nimekuwa mpagazi tangu 2014 hadi Machi 2020, Korona ilipofunga njia, ukiondoa ile miezi ya 2018 na mwanzo wa 2019 ambapo hifadhi ya Virunga ilisimamisha wageni kwa sababu ya usalama. Safari zangu niliacha kuzihesabu zilipofika mia. Katika hizo zote, wakaaji wa Goma niliowabebea mzigo hawazidi vidole vya mikono miwili. Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo lililonishikisha kalamu.

Angalieni tunavyoishi. Ukuta wa nyumba ni jiwe la mlima huo. Chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma, inapita imebeba mawe ya mlima huo. Mtoto akianguka akichuna goti, limechunwa na mlima huo. Usiku tukiona wingu jekundu juu yake tunaambizana "leo umewaka", basi tunaingia kulala. Lakini waulize watu kumi sokoni nani amewahi kusimama ukingoni na kutazama ndani: watakucheka. Watakuambia mlima ni wa wazungu. Na kweli, mgeni alikuwa akilipa dola 300 za kibali, anatoka Ubelgiji au Marekani, anapanda, analala, anashuka, anarudi kwao na picha. Sisi tuliozaliwa chini yake tulimuuzia maji ya chupa.

Kati ya wale wachache wa mjini, yupo mama mmoja ambaye ningependa wasomaji wenu wamjue, ingawa jina lake sitaliandika. Anauza sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, katika soko la Virunga mjini Goma. Agosti 2015 mwanawe anayefanya kazi mbali alimlipia safari, na ikawa zamu yangu kubeba mzigo wake. Alikuja Kibati asubuhi amevaa bote za plastiki, kikwembe juu ya suruali ya mume wake, na sweta mbili. Nikamwambia, "Mama, hizo bote zitakuchubua." Akanijibu, "Mwanangu, miguu hii imesimama sokoni miaka ishirini na sita. Wewe chukua mzigo, tuende." Nikanyamaza.

Kutoka Kibati hadi ukingoni ni kama kilomita nane, na unapanda takriban mita 1,500. Mwenye pumzi anatumia saa nne, wengi wanatumia tano au sita. Mwanzo ni msitu, njia karibu tambarare, ardhi laini, ndege wanaita bila kuonekana. Mama yule alisimama kila mara. Mara ya kwanza nilidhani amechoka. Kumbe anasikiliza. Aliniambia hajawahi kukaa mahali ambapo hakuna mtu anayeita mtu. Mbele kidogo mlinzi wa hifadhi akatuonyesha kinyonga mwenye pembe tatu puani, ametulia kwenye tawi usawa wa macho. Mama akaruka nyuma yangu, maana kinyonga kwetu si mnyama wa kuchezea. Halafu akachungulia juu ya bega langu, akamtazama mpaka mlinzi akatuhimiza twende.

Baada ya msitu unaingia kwenye mawe ya lava ya mwaka 2002. Hapo hakuna udongo. Ni vipande vyeusi vyepesi, vina matundu kama mkate, vinateleza na kulia chini ya miguu. Hapo ndipo wengi wanauliza kama tumekaribia, nasi tunawaambia "bado kidogo", uongo wa kazi ambao namwomba Mungu anisamehe. Na niseme jambo ambalo ukurasa wenu haukulisema: njiani hakuna maji. Jiwe la volkano linakunywa mvua yote, hakuna kijito wala kisima. Kila tone utakalokunywa, utakalopikia na utakalonawia limepanda mgongoni kwa mtu, pamoja na makala, yaani mkaa, ya kukupashia moto. Mgeni anayemwaga nusu chupa ili apunguze uzito wa mkoba wake anamwaga jasho la mtu.

Sehemu ya mwisho ndiyo inayopambanua watu. Mlima unasimama wima, miti inakwisha, yanabaki mamea ya ajabu, lobelia zilizonyooka kama mikuki na senesio zenye vichwa vya majani. Hewa inakuwa nyembamba. Kibao cha mita 3,470 hukioni kwa macho, unakisoma kwa mapafu. Mama alipanda sehemu hiyo kwa fimbo, hatua ishirini, anapumzika, hatua ishirini, anapumzika, akizihesabu kwa sauti kama anayehesabu samaki. Vijana wawili waliokuwa wametucheka kule chini aliwakuta wamekaa juu ya jiwe, mmoja anatapika. Akawapita bila kusema neno.

Juu kulikuwa na vibanda vidogo vya kulala, vimeshikilia ukingo. Tulifika kama saa kumi jioni, ukungu umefunika kila kitu, chini yetu tunasikia mngurumo tu, kama mawimbi ya ziwa usiku wa dhoruba. Nikawasha mbabula, jiko letu la makala, nikampa chai. Giza lilipoingia ukungu ukaondoka mara moja, kama mtu aliyevuta pazia. Shimo lile lina upana wa zaidi ya kilomita moja, na chini kabisa kulikuwa na ziwa la moto: ganda jeusi linalopasuka, mistari myekundu inakimbia, kipande kinazama, kingine kinaibuka. Mama alikaa kwenye jiwe amejifunika blanketi langu na lake. Akakaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Inachemka kama sombe," yaani majani ya muhogo yakiwa jikoni. Na baadaye, kwa sauti ya chini: "Sasa mbona iko mbali hivi?"

Hapo ndipo nilipojua kilichomleta. Januari 2002 lava ilipita katikati ya Goma hadi ziwani, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikala kanisa kuu, ikaacha watu wapatao 120,000 bila makazi. Nyumba yake ilikuwa mojawapo, vyumba vitatu alivyojenga kwa faida ya samaki. Kwa miaka kumi na mitatu alikuwa akiamini chungu kilijaa, kikafurika, kikamwagika juu ya ukingo. Sasa anaona ukingo huu, anaona moto uko mamia ya mita chini yake, na haelewi. Akamuuliza mlinzi, "Papa, ilitokea mlango gani?"

Mlinzi akamweleza vizuri, kwa subira, na nitamheshimu kwa hilo siku zote. Akamwambia haikumwagika kwa juu. Mlima ulipasuka ubavuni, upande wa kusini, nyufa zikafunguka kutoka karibu na Shaheru, ile kreta, shimo la volkano la zamani tulilolipita mchana, zikashuka kuelekea mjini. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi kuliko za milima mingi, ina silika kidogo, ile madini inayoifanya lava kuwa nzito, inatiririka kama uji usio na unga. Ndiyo maana Januari 1977 lile ziwa zima la moto lilitoka kupitia nyufa za ubavuni kwa muda usiofika saa moja, likawapata watu kabla hawajajua wakimbilie wapi. Mama akauliza tena: "Kwa hiyo mchana tulipita mlangoni?" Mlinzi akasema ndiyo.

Asubuhi, kabla ya kushuka, anga lilikuwa safi. Volkano jirani ya Nyamulagira upande mmoja, milima ya Mikeno na Karisimbi upande wa mashariki, na kusini Goma na Gisenyi ya Rwanda zimelala pamoja kando ya ziwa kama mji mmoja. Alitafuta soko lake, akatafuta mahali ilipokuwa nyumba yake, akanionyesha kwa fimbo. Ule mstari mweusi wa lava unauona vizuri ukiwa juu, umeteremka moja kwa moja kama njia ya mtu anayejua anakokwenda. Tulipofika kwenye ufa karibu na Shaheru akaomba tusimame. Mvuke mwembamba ulikuwa unatoka kati ya mawe, na pembeni pameota majani ya kijani yaliyolowa. Akavua kitambaa cha kichwa, akainama, akaweka kiganja mbele ya ule mvuke. Akakaa hivyo, halafu akacheka, kicheko cha kweli, kile cha sokoni. "Una joto kama pumzi ya ng'ombe," akasema. Njia yote iliyobaki alikuwa akiimba.

Mhariri, mnaandika kwamba watu waende milimani kupumzika. Mama yule alipumzika. Aliniambia ulikuwa usiku wa kwanza tangu aolewe ambao hakuna mtu aliyemwamsha kumwomba kitu. Lakini alirudi pia na kitu ambacho mgeni hahitaji na sisi tunakihitaji sana. Mwaka 2021, jioni ile mbingu ilipokuwa nyekundu na watu wamesimama barabarani wakikodolea macho kilele, alinipigia simu, hata salamu hakutoa. "Ni ubavuni tena?" Ilikuwa ubavuni tena. Yeye na wajukuu wake walikuwa wameshaanza kutembea kuelekea Sake, wakati jirani zake bado wanabishana kama chungu kimefurika. Mimi niliyekuwa karibu zaidi na moto nilikuwa bado natafuta viatu. Safari ile lava ilifika Buhene, ukingoni mwa mji, ikasimama.

Kwa hiyo naomba mambo machache, na nawaomba muyachapishe ili wanaohusika wayaone. Wataalamu wa kituo cha kuchunguza volkano cha Goma watakaposema njia inapitika, na usalama ukiruhusu, na si dakika moja kabla ya hapo, basi wakaaji wa Goma na wa vijiji vya Nyiragongo wawekewe siku zao na bei yao, kwa faranga, bei ambayo mwenye meza sokoni anaweza kuiweka akiba kwa miezi michache. Waliopoteza nyumba kwa lava wawe wa kwanza kualikwa. Wanafunzi wasilazimishwe kufika juu. Wapelekwe hadi Shaheru na kurudi siku hiyo hiyo, waonyeshwe ufa, waguse mvuke, waelezwe. Hiyo nayo ni safari nzuri, msitu wake ni ule ule na kinyonga ni yule yule.

Na anayewapeleka watu awaambie ukweli. Niliwahi kumpokea kijana wa mjini aliyeletwa na mwenye biashara moja ya safari, amevaa raba za kitambaa na fulana, ameahidiwa kwamba juu "kuna kila kitu". Juu usiku baridi inakaribia sifuri. Nilimpa sweta langu, nikalala nimeegemea mbabula iliyozimika, na asubuhi sikuweza kufunga kamba za viatu kwa vidole. Kijana wa watu hakuwa na kosa. Kosa ni la aliyechukua pesa zake akaficha neno baridi. Msomaji wenu akija siku njia itakapofunguliwa, avae viatu vyenye meno, abebe koti la mvua hata wakati wa kiangazi, nguo kavu ya kulalia ifungwe kwenye plastiki, maji lita tatu au zaidi. Fimbo za mbao tunazichonga wenyewe pale Kibati, asione aibu kuchukua. Na chupa tupu ashuke nayo. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1925, hakuna hifadhi ya taifa iliyoitangulia Afrika, na nimeokota humo makopo ya soda kwa mikono yangu.

Bibi yangu alikuwa akisema ndani ya Nyiragongo zinakaa roho za waliokufa, kwa hiyo mtu asiuendee. Nilimheshimu bibi, na hata leo nikipita Shaheru navua kofia. Lakini nimesimama ukingoni mara zaidi ya mia na sijawahi kuona mtu akirudi nyumbani anauogopa zaidi ya alivyokuja. Wanaouogopa vibaya ni wale wanaouona kupitia dirishani tu.

Siku hizi nalima viazi. Nikienda mjini napitia soko la Virunga kumsalimia mama yule, na swali lake ni lile lile kabla sijakaa: "Wamefungua?" Namwambia bado, Mama. Ananiongezea sambaza kiganja kimoja juu ya kipimo. Chini ya meza yake, nyuma ya beseni la samaki, kuna bote mpya kwenye mfuko. Amenunua jozi mbili, ya pili ni ya mjukuu wake wa miaka kumi na mmoja, na amechukua kubwa kidogo ili mtoto akikua zimtoshe.

Mpagazi wa zamani wa Nyiragongo
Kibati, karibu na Goma