Shukrani katika kazi ya ubunifu wa michoro

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaambie wabunifu wenzangu wa michoro, hasa wanaohangaika na wachapaji wa Kariakoo, kwamba uchovu wao ninaujua. Mteja hutaka nembo leo kwa malipo ya mwezi ujao, huikataa kwa sababu shemeji yake hakuipenda, kisha huirudia rasimu ya kwanza. Umeme nao hukatika faili likiwa halijahifadhiwa. Sitetei hali hiyo, na malipo ya awali yadaiwe bila haya.

Hata hivyo, kazi hii ina neema ambayo ajira nyingi hazina, kwani matokeo yake huingia katika maisha ya watu wasiotujua. Tazama kanga: aliyechora pindo, akaupamba mji (sehemu ya katikati) na kuliweka jina (usemi ulioandikwa) mahali pake, ni nadra kutajwa, lakini kitambaa chake hubeba mtoto mgongoni, huvaliwa msibani na hutuzwa harusini. Sijui heshima gani ya ofisini inayoizidi hiyo.

Nami ninapopanga bango linalohimiza watu kuchemsha maji wakati wa kipindupindu, ninafahamu kwamba ukubwa wa herufi na nafasi kati ya mistari ndivyo vitakavyomwezesha bibi asiye na miwani kulisoma akiwa kwenye foleni ya zahanati. Kwa kazi ya namna hiyo ninashukuru, hata kama ankara yangu bado inazungushwa.

Mbunifu wa michoro,
Dar es Salaam