Barua ya wazi kwa vijana wa bodaboda, bajaji na fuso: geti likishuka na treni haionekani

Wanangu,

Salaam. Nimekula mshahara wa reli mpaka nikastaafu, kazi yangu ikiwa ishara na mitambo ya vivuko. Kila nikiona pikipiki inapenya pembeni ya geti lililoshuka, natamani kumvuta mwendeshaji shati. Mkiulizwa, jibu lenu ni moja: "Mzee, treni yenyewe haipo." Basi leo niwaeleze geti linajuaje kwamba treni ipo.

Zamani kivuko kilikuwa na mtu: mchana bendera nyekundu, usiku taa ya mkono. Na mtu husinzia. Mwaka 1872 Mmarekani William Robinson akabuni saketi ya reli, na mpaka leo vivuko vingi duniani vinaitegemea. Kipande cha reli hutengwa, kikapitishiwa umeme mdogo wa betri. Umeme huenda kwa chuma kimoja, hupita kwenye swichi ya sumaku iitwayo rilei, na kurudi kwa chuma cha pili. Umeme huo ndio unaoishikilia rilei juu. Treni ikiingia, magurudumu na ekseli zake huunganisha vyuma viwili, umeme unapita hapo hapo, rilei inakosa nguvu na kuanguka. Ikianguka, kengele inalia, taa zinawaka, geti linashuka.

Sasa tulieni hapa. Betri ikifa je? Wezi wa shaba wakikata waya je? Rilei huanguka vilevile, na barabara hufungwa. Wahandisi walikusudia iwe hivyo: mtambo ukiwa na shaka, ufunge. Kwa hiyo ni kweli, zipo siku geti hushuka na treni haipo. Lakini wewe uliye juu ya pikipiki utatofautishaje betri iliyokufa na treni iliyo nyuma ya kona?

Kuna jambo moja nawatetea. Mitambo ya zamani ilianza kulia treni ikifika umbali fulani, iwe ya abiria inayokimbia au ya mizigo inayojikokota. Ikija ya mizigo, watu walisubiri hadi wakachoka, wakajifunza kupenya. Miaka ya 1960 Wamarekani wakaleta kifaa kinachopima mwendo wa treni inayokuja, ili muda wa tahadhari uwe karibu uleule kwa treni zote. Pasipo na kifaa hicho, subira ni yako.

Na msidhani ukimya ni ruhusa. Reli isiyopitiwa mara kwa mara hushika kutu, na kutu huweza kuzuia magurudumu yasiunganishe vile vyuma. Hapo treni inakuja na taa zimelala.

Taa zenyewe zimebadilika sana. Mwaka 1909 Albert Hunt wa reli ya Pacific Electric, kusini mwa California, alitengeneza sahani yenye taa nyekundu iliyobembea huku na huku, ikiiga mlinzi anayepunga taa. Kwa kweli ilikuwa kazi ya kupendeza. Baadaye taa mbili nyekundu zinazopokezana kuwaka zikachukua nafasi yake, na tangu 1949 Marekani haikuruhusu zile za kubembea kufungwa upya. Siku hizi balbu nazo zimeipisha LED, inayoonekana hata jua likiwaka.

Ninyi wa fuso na malori marefu, someni kisa cha Hixon, Uingereza, Januari 6, 1968. Lori lililobeba transfoma ya tani 120 lilikuwa likivuka reli kwa mwendo wa kilomita kama 3 kwa saa. Tahadhari ya kivuko kile ilitoa sekunde 24 tu kabla ya treni kufika. Pigeni hesabu: kwa sekunde 24 lori lile lilisogea mita kama 20, nalo lenyewe lilikuwa na urefu wa mita zaidi ya 40. Treni ya abiria ililigonga, watu 11 wakafa. Kivukoni palikuwa na simu ya kuomba ruhusa kwa mwongoza ishara za treni. Haikupigwa.

Hapa kwetu Tanzania, reli mpya ya SGR imejengewa madaraja na uzio, na treni yake ya umeme ya kilomita 160 kwa saa haikutani na barabara. Isiwadanganye. Reli ya kati ya zamani na TAZARA bado zinakatiza barabara, na pengi hakuna geti wala taa, ni kibao tu. Manyoni, Novemba 2023, basi na kichwa cha treni vilikutana, watu 13 wakatutoka. Penye kibao simama, zima muziki, toa earphone, tazama pande zote mbili. Treni moja ikipita, usiondoke kabla hujaona kama nyuma yake kuna nyingine.

Chombo kikizimika katikati ya reli, usikisukume huku treni inapiga honi. Treni ya mizigo yenye kasi huhitaji zaidi ya kilomita moja kusimama, hivyo dereva hana la kukusaidia. Mshushe abiria, acheni pikipiki, mtoke relini. Kimbieni kwa mshazari kuelekea upande treni inakotoka, mkijitenga na njia yake, kwa sababu vyuma vya chombo kilichogongwa hurushwa mbele ya treni.

Mzee wenu,
Mstaafu wa ishara za reli