Barua ya malalamiko: Kipeperushi chenu cha Kiswahili na safari ya Greenwich

Tanga,
2 Septemba 2019.

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Ziara za Siku Moja, London.

Ndugu Meneja,

YAH: KUPOTEZEWA SAA SITA NA KUKOSA KUUONA MPIRA WA SAA, 14 AGOSTI 2019

Mimi ni fundi saa, mwaka wa 38 huu. Mwezi uliopita nilikuja Uingereza kumtembelea binti yangu, na jambo moja tu ndilo nililomwomba: anifikishe Greenwich, kwenye kituo cha falaki, yaani cha kutazama nyota, kilichoanzishwa mwaka 1675, niuone mpira wa saa, ule mpira mkubwa wa mlingotini unaoonyesha saa kamili, ukishuka. Akaipata kampuni yenu. Tulipoona mna kipeperushi cha Kiswahili tukafurahi, kumbe ndicho kitakachotuponza.

Kimeandikwa hivi: “Basi litaondoka saa kumi na mbili na nusu. Mpira utashuka saa moja kamili.” Hamkusema asubuhi wala jioni. Nikajua jioni pale pamefungwa, basi ni asubuhi. Mimi na mke wangu tukaamka saa tisa usiku, na saa kumi na mbili na robo tulikuwa tumeshasimama kituoni kwenu, yeye kajifunga khanga juu ya koti. Basi halikuja. Ofisi yenu ilipofunguliwa saa tatu nikapiga simu, dada aliyepokea akanitajia muda kwa Kiingereza, nikaelewa palepale. Basi lilikuwa la saa sita na nusu mchana. Mtafsiri wenu aliinakili tarakimu ya Kiingereza kama ilivyo, tofauti ya saa sita na hesabu yetu akaiacha njiani. Kwa binti ni mbali, tukaona heri tukae kwenye mgahawa tungoje.

Hata hilo ningelimeza, kama basi lingeondoka kwa wakati. Liliondoka saa saba kasoro dakika kumi. Tulipomaliza kupanda kile kilima ilikuwa saa saba na dakika ishirini, na mpira ulikuwa umekaa chini ya mlingoti wake, mwekundu, kimya.

Labda mtasema mpira ni mpira tu. Huu umekuwa ukishuka tangu mwaka 1833. Saa saba kasoro dakika tano hupandishwa hadi nusu ya mlingoti, kasoro dakika mbili hufika juu kabisa, na saa saba kamili huachiwa; uliwekwa ili manahodha kwenye mto Thames warekebishe saa zao kabla ya kuingia baharini. Nahodha akikosea dakika nne katika saa yake, hesabu yake ya mahali alipo hupotoka digrii nzima ya longitudo, yaani kuelekea mashariki au magharibi. Na waliuweka saa saba badala ya saa sita kwa sababu saa sita wenyewe wanafalaki walikuwa kazini, wakilivizia jua likikata mstari wa meridiani, ule wa kutoka kaskazini hadi kusini. Mimi nimetoka Tanga, mji wa bandari, kuja kuona hilo kwa macho yangu.

Tena niwakumbushe mlitupeleka wapi. Katika kituo hicho, mtazamaji alikuwa na jicho kwenye darubini na sikio kwenye saa, akihesabu midundo huku nyota ikivuka nyuzi zilizowekwa ndani ya darubini. Msaidizi mmoja, David Kinnebrook, alifukuzwa kazi mwaka 1796 kwa sababu vipimo vyake vilichelewa nane ya kumi ya sekunde kulinganisha na vya mkuu wake, Nevil Maskelyne. Sisemi mumfukuze dereva. Lakini dakika ishirini!

La pili ni mtembezaji wenu. Pale getini kuna saa ya umeme iliyotengenezwa na Shepherd, ya mwaka 1852, yenye saa 24 kwenye uso mmoja. Aliwaambia watu hadharani kwamba imeharibika, inachelewa saa nzima. Si kweli. Saa ile haifuati saa za majira ya joto, ambazo Waingereza huzisogeza mbele saa moja; mwaka mzima inaonyesha saa ya Greenwich, hivyo mwezi Agosti lazima iwe nyuma ya saa za mikononi mwa Waingereza. Mke wangu, ambaye hajui lolote la Shepherd, aliutazama mshale mfupi ukiwa umeelekea chini kabisa na ule mrefu kwenye robo na ushei, akasoma kwa mazoea ya saa ya ukutani kwetu: “Saa sita na dakika ishirini.” Akapatia! Katika saa ile, namba 12 iko chini, pale ambapo saa yetu ina 6. Nilicheka peke yangu, wengine hawakujua nacheka nini. Na ilipowekwa pale, saa hiyo ilianza kuhesabu siku kutoka adhuhuri, kama wanafalaki walivyohesabu siku zao. Kwa hiyo msiniambie kwamba Waswahili ndio wenye saa za ajabu.

Kwenye Chumba cha Pembe Nane cha kituo hicho, mtembezaji wenu alisema humo ndimo John Flamsteed, mwanafalaki mkuu wa kwanza wa pale, alipimia nyota zikivuka meridiani. Hapana. Kuta za chumba kile hazikuelekezwa na meridiani. Kazi hiyo aliifanyia kwenye kibanda bustanini. Chumbani mlikuwa na saa mbili zilizotengenezwa na fundi Thomas Tompion, na kulipiwa na mfadhili Jonas Moore, zenye pendulamu ya futi 13, kila bembea sekunde mbili, zikitiwa ufunguo mara moja kwa mwaka. Pendulamu zilining'inia juu ya mashine, nyuma ya mbao za ukuta. Mimi nimezoea pendulamu inayoning'inia chini, na nilikuwa na maswali kumi juu ya hilo. Nilipouliza la kwanza, akatazama saa yake akasema basi linaondoka. Siku hiyo, kuondoka tu ndiko kulikofanyika kwa wakati.

Naomba mnirudishie nauli ya watu wawili. Tiketi na kipeperushi nimeambatisha. Kipeperushi kiondolewe leo, si mwakani, na kiandikwe “saa sita na nusu mchana” na “saa saba mchana”. Mkitaka nikipitie kabla hakijachapwa, nitafanya bure.

Nasubiri majibu hadi tarehe 30 Septemba, saa kumi jioni, kwa hesabu ya Kiswahili.

Wako,
(Sahihi)
Fundi saa, Tanga.