Nimekaa viti vya nyuma tangu Pasaka, mke wangu anasema ni woga

Mpendwa mshauri, nanyi wasomaji wenzangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mkulima wa korosho, miaka 56, naishi wilaya ya Masasi, si mbali na Ndanda. Nina mke, watoto wanne, na mikorosho ya marehemu baba ambayo nusu yake imezeeka kama mimi. Naandika kwa sababu Jumamosi ijayo ni mkutano mkuu wa chama chetu cha msingi, ule ushirika tunaouzia korosho, na mpaka sasa sijui kama nitasimama au nitakaa.

Nianzie Alhamisi Kuu. Katekista alinichagua niwe mmoja wa wale kumi na wawili wa kutawadhwa miguu. Nilifurahi, sitaki kuwadanganya. Jioni ile kabla ya misa niliisugua miguu kwa jiwe, nikapaka mafuta, nikaisugua tena. Miguu ya mtu wa shamba mnaijua: udongo mwekundu ukishaingia kwenye magaga hautoki hata kwa sabuni ya unga. Padre akapiga magoti na beseni lake la plastiki. Kijana mdogo, ningeweza kumzaa. Maji yalipopita kwenye kisigino changu yakashuka mekundu, nami nikauvuta mguu. Akaushika, akaukausha kwa taulo, akasogea kwa mwenzangu bila kusema neno. Nikamwelewa Petro aliposema, "Wewe hutanitawadha miguu kamwe." Zamani nilidhani yale ni maneno ya heshima tu. Siku ile nikajua kwamba kumbe mtu anaweza kukataa kuoshwa kwa kiburi.

Basi nikaweka nadhiri: mwaka huu nijifunze unyenyekevu. Sababu ninayo. Wanaonijua wanaujua mdomo wangu. Niliwahi kuwa katibu wa chama, na mtu akikosea hesabu mbele yangu alikuwa harudi nyumbani na heshima yake.

Nilianza na mambo madogo: kutomkatiza mtu kwenye jumuiya, kuzoa mwenyewe kinyesi cha mbuzi, kukaa nyuma kwenye sherehe. Hili la kukaa nyuma lilinishinda kwa namna nisiyoitarajia. Mnakumbuka Luka 14: ukialikwa nenda ukaketi nyuma, ili aliyekualika aje akuambie, "Rafiki yangu, njoo huku mbele zaidi." Harusi ya kwanza nilikaa nyuma, wakaja kunichukua, nikagoma kidogo, nikaenda. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu nikajikuta natupia macho meza kuu kuona kama wameniona. Ya nne hawakuja! Nikaletewa pilau la chini ya sufuria, ukoko mtupu, nyama hakuna, na hasira niliyorudi nayo usiku ule ilinitisha. Nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma huku moyo wangu umekalia kile cha mbele.

Nikaenda Ndanda kwa mmonaki mmoja mzee anayenifahamu. Akanieleza kwamba Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 7 ya Kanuni yake, ameuweka unyenyekevu kama ngazi ya daraja kumi na mbili, na kwamba ngazi hiyo hupandwa kwa kushuka. Daraja ya nne ndiyo iliyonikaa: mtu akitendewa isivyo haki, ashike uvumilivu kimya kimya moyoni. Nikaishika hiyo. Mzee aliongeza neno moja ambalo wakati ule nililipita tu. Alisema kanuni ile iliandikiwa watu waliomo ndani ya nyumba moja, wenye abate wa kuwaangalia.

Sasa njooni ghalani. Msimu huu nilipeleka gunia saba. Nilikuwa nimezipima nyumbani kwa mzani wa kuning'iniza wa jirani, kila moja nikaiandika. Gunia tupu lina kama kilo moja, hiyo hatubishani. Karani wa mzani akanikata kilo tatu kila gunia. Huyo karani ni kijana wa jumuiya yetu, anaimba besi kwaya ya parokia, na kila asubuhi ananipa shikamoo kwa mikono miwili. Nilimwona akiandika. Mkono wangu ulikuwa mfukoni umeshika kile kikaratasi changu, na ulikuwa unatoka jasho. Nikajiambia: daraja ya nne. Nikatia sahihi.

Nyuma yangu kwenye foleni alikuwa shemeji, mjane wa marehemu kaka, na gunia zake mbili. Yeye alikatwa kilo tano kila moja. Akauliza, "Mwanangu, mbona nyingi hivyo?" Kijana akamjibu, "Mama, mbona mzee hapo mwenyewe amekatwa na hakusema kitu?" Shemeji akageuka kunitazama. Mimi nikatazama mizani.

Kilo ishirini na moja zangu sizililii sana. Yale macho ya shemeji ndiyo siyawezi.

Nyumbani nikamsimulia mama watoto nikitegemea anipe pole. Mke wangu alizaliwa Mwanglikana wa Masasi mjini, kule wamisionari Waanglikana wa UMCA walikofika tangu 1876, na ingawa alinifuata Ukatoliki hachoki kunikumbusha kwamba abasia yetu ya Ndanda, nyumba ya wamonaki, ilianza kama misheni mwaka 1906. (Mkitafuta kiburi cha dini, hakiko mbali.) Akaleta Biblia, akafungua Yohana 18, pale mtumishi anapompiga Yesu kofi mbele ya kuhani mkuu. "Soma," akasema. Nikasoma: "Kama nimesema vibaya, ushuhudie ule ubaya, bali kama nimesema vema, wanipigia nini?" Akaniuliza, "Huyu hakuwa mnyenyekevu? Aliyeosha miguu usiku uleule?" Kisha akasema neno lililonilaza macho: "Baba, wewe hujanyenyekea. Umeogopa, halafu ukaupa woga wako jina la kanisani."

Nikamjibu kwamba ninachokiogopa ni mdomo wangu, si karani. Hiyo ni kweli, lakini ni nusu yake.

Nusu ya pili ni ya msimu wa 2018, ule ambao serikali ilitangaza kununua korosho shilingi 3,300 kwa kilo na kangomba, wale walanguzi wanaonunua korosho kwa siri nje ya chama, wakawa wanasakwa kila kijiji. Kijana wetu wa kwanza, wakati huo ana miaka 19, alikuwa ameuza gunia mbili za shamba letu kwa kangomba, zikiwa bado maua mtini, kwa hela ya kununulia simu. Yule mtu akaja ghalani kudai mzigo wake mbele ya foleni nzima. Nilimwita mwanangu mwizi. Sikusema mara moja. Nilisema mpaka watu waliokuwa wanacheka wakanyamaza. Juma lile akaondoka kwenda Mtwara mjini, sasa anaendesha bodaboda huko. Mama yake anampigia kila Jumapili. Mimi huwa natoka kwenda kuangalia mbuzi.

Juzi mke wangu akafunga mazungumzo hivi: "Umekaa nyuma harusi nne, umezoa kinyesi cha mbuzi, lakini namba ya mwanao hujaipiga." Sikuwa na jibu, na sina mpaka sasa.

Wanachama wenzangu wanataka Jumamosi nisimame na kikaratasi changu, niseme mbele ya wote. Wanaukumbuka ule mdomo wa zamani na wanautamani. Mimi nafikiria Mathayo 18, kwamba ndugu akikukosea uende ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Niende kwa karani kabla ya mkutano, jioni baada ya mazoezi ya kwaya. Lakini je, kilo za shemeji ni zangu hata nizimalize kimya kimya na mtu wa jumuiya yangu? Na kama wengine ishirini wamekatwa? Nikisimama, nitajuaje kwamba ninayemsemea ni mjane, na si yule katibu wa zamani aliyekosa jukwaa miaka yote hii?

Na hili la mwanangu. Huku kwetu mzazi hamwombi mtoto radhi. Humwita nyumbani, akachinja kuku, yakaisha bila kutajwa. Hivyo ndivyo baba yangu alivyofanya kwangu, na sikumlaumu. Lakini mimi nilimtukana mbele ya watu, na kuku hali maneno yale. Nimpigie simu, au nipande basi nimfuate kijiweni kwake, mbele ya bodaboda wenzake? Nauli ninayo. Nimeiweka ndani ya ile Biblia, kwenye Yohana 18, tangu juzi.

Nishaurini kabla ya Jumamosi, hasa ninyi mlio wazazi, na ninyi vijana mliowahi kutukanwa na baba zenu.

Mkulima, wilaya ya Masasi, Mtwara