Msitu Unapogeuka Kinamasi

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini miti ya pwani ya ghuba ya Chesapeake, kule Marekani, imekufa ikiwa imesimama, ilhali hapakupita moto wala shoka. Imeuawa na chumvi, na chumvi haikuanza na hiyo mikubwa uliyoiona pichani.

Huanza na miche. Msonobari mkubwa huweza kustahimili dhoruba iliyosukuma maji ya bahari hadi msituni. Mvua ikinyesha, udongo husuuzika na mti ukaendelea kuishi. Mche hauwezi. Chumvi ikizidi ardhini, mizizi hushindwa kunyonya maji, na mche hufa kwa kiu huku umesimama majini. Basi ukitazama juu unaona kijani, unadhani msitu ni mzima, kumbe haujazaa miaka mingi. Wazee wakianguka, hakuna wa kurithi. Mwanga hufika chini, na matete na nyasi zinazovumilia chumvi huingia. Nyasi hizo hunasa tope kila maji yanapojaa, na mizizi yake iliyokufa, kwa kuwa huoza polepole mno, huzidi kuinua ardhi. Hicho ndicho kinamasi cha chumvi.

Usidhani ni mambo ya juzi. Wanasayansi walilinganisha ramani za karne ya 19 na picha za siku hizi, wakakuta takriban kilomita za mraba 400 za nchi kavu kandokando ya ghuba ile zimegeuka kinamasi: karibu theluthi ya vinamasi vyake vyote vya leo. Duniani, bahari ilipanda kama sentimita 20 kati ya 1901 na 2018. Pale imepanda zaidi, kwa sababu ardhi yenyewe inadidimia, na pwani ikiwa tambarare, kimo kidogo tu hufika mbali bara.

Mwenye shamba anaumia, sikatai. Mahindi hukataa kuota pembeni, na pembe hiyo hupanuka. Lakini kinamasi nacho hulea samaki wachanga, huvunja nguvu za mawimbi na hufukia kaboni. Upande wa baharini kinamezwa. Katika hifadhi ya Blackwater, kwenye ghuba hiyo jimboni Maryland, eneo kubwa limekuwa maji matupu tangu miaka ya 1930. Hakina pa kukimbilia ila bara, na huko ndiko watu wanakojenga kuta. Ningekuwa na shamba pale, ningewaachia matete ukingo wa chini nikalima juu. Ila ni rahisi kusema hivyo kwa asiyelitegemea.

Mzazi wako