Kibanda cha Sukoti si hema la mkutano

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu Sukoti, yaani Sikukuu ya Vibanda, ambayo sisi tunaomwamini Yesu kuwa Masihi na kuzishika sikukuu za Torati huiadhimisha kila mwaka, lakini ambayo hapa Kampala imeanza kugeuzwa mkutano wa injili kama mingine: hema la kukodi, viti vya plastiki, vipaza sauti na bahasha za sadaka.

Mambo ya Walawi 23 huagiza watu wakae vibandani siku saba, kuanzia tarehe 15 ya mwezi wa saba wa Kiebrania, ili vizazi vijue namna Israeli walivyokaa walipotolewa Misri. Kwa desturi ya Kiyahudi paa ndilo kibanda chenyewe: sharti liwe la kitu kilichoota ardhini na kukatwa, na kivuli chake kizidi jua. Majani ya migomba yanafaa, mafunjo yanafaa. Turubai na mabati havifai. Wenzangu hulitetea turubai wakisema sikukuu huangukia Septemba au Oktoba, mvua zetu za pili zikiwa zimeshika, ilhali kule Israeli ndiyo kwanza zinangojewa. Hoja hiyo ina uzito, ila Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, ilikwisha kuijibu: mvua ikifikia kuharibu uji, mtu aondoke kibandani. Hakuna aliyeamriwa kulowa.

Kwetu sikukuu hii ina jambo la ziada. Enzi za Hekalu, makuhani waliteka maji katika bwawa la Siloamu, Yerusalemu, na kuyamimina madhabahuni, na ni katika sikukuu hiyohiyo, kwa mujibu wa Yohana 7, Yesu alisimama akawaita wenye kiu waje kwake wanywe. Zekaria 14 nayo huyataja mataifa yakipanda kwenda Yerusalemu kuishika, ndiyo maana sisi tusio Wayahudi tunajiona tumealikwa. Lakini kuitumia sura hiyo kumtisha Mkristo asiyejenga kibanda kwamba atanyimwa mvua ni kuyalazimisha Maandiko.

Wala tusijiite Abayudaya mbele ya wageni wenye misaada. Jumuiya hiyo ya Mbale, iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, inafuata dini ya Kiyahudi na haimkiri Yesu. Jina lao si letu.

Kumbukumbu la Torati 16 huwaweka mgeni, yatima na mjane ndani ya furaha ya sikukuu. Nchi yetu imepokea wakimbizi zaidi ya milioni moja, na kwa wengi wao, wakiwemo Wakongo waliopitia makazi ya wakimbizi ya Nakivale, turubai limekuwa nyumba. Napendekeza basi kwamba fedha za kukodi hema zinunue mchele, maharage na nyama, na familia za wakimbizi wanaoishi mitaani kwetu zialikwe kula nasi kibandani, mezani pamoja na wazee wa kusanyiko, bila bahasha kupitishwa.

Msomaji wako,
Kampala